Kwa Baiskeli Mpaka Bagamoyo

Vijana hupenda safari ya kupima nguvu zao. Wazazi nao huogopa, na hofu yao si ya bure. Barabara ina magari mengi. Tena baiskeli ya nyumbani ndiyo ichukuayo maji, mihogo, hata mgonjwa. Ikivunjika, nyumba nzima yaona taabu. Basi leo tuipange pamoja safari moja ya kutwa, tangu Dar es Salaam mpaka Bagamoyo, karibu kilometa 70 kwa njia ya pwani. Si safari ya mchezo, lakini ikipangwa vema yawezekana hata kwa baiskeli ya kawaida isiyo na gia.

Kwanza, chagueni majira. Miezi ya masika, Machi mpaka Mei, haifai. Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi mizuri: jua si kali sana, na upepo wa kusi wavuma. Nanyi mwaelekea kaskazini, kwa hiyo upepo utawasukuma mgongoni. Mwenye kwenda Januari hukutana na kaskazi usoni, na kila kilometa yawa kama mbili. Kwa sababu hiyohiyo msipange kurudi kwa baiskeli kesho yake. Wekeni akiba nauli ya basi, ya watu na ya baiskeli, kabla hamjaondoka.

Pili, hesabuni saa. Mtu wa kawaida mwenye mzigo mdogo huenda kilometa 12 kwa saa moja. Kilometa 70 basi ni saa sita za kukanyaga, na saa moja na nusu ya kupumzika. Kutanikeni mbele ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, karibu na bandari, msali, kisha mwondoke saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kunapopambazuka. Mtafika saa nane mchana. Jua la Julai huzama baada ya saa kumi na mbili jioni, hivyo mna saa nne za akiba kwa pancha na mambo yasiyotazamiwa. Msiile akiba hiyo kwa kuchelewa asubuhi.

Tatu, chombo. Wiki moja kabla ya safari, kila baiskeli ikaguliwe: breki zote mbili, spoki, mnyororo, tairi zisizochakaa. Kundi lichukue pampu, spana, gundi, viraka na mpira wa ndani mmoja wa akiba. Kengele ilie, na taa iwake ijapokuwa hamtazamii giza. Wasichana wafunge vizuri kitenge au sketi, maana mnyororo hushika nguo ghafula na kumwangusha mtu. Kila mmoja awe na chupa mbili za maji, ndizi, karanga na viazi vya kuchemsha. Madafu mtayapata njiani.

Sasa njia yenyewe. Sehemu ya hatari ni ile ya mjini mpaka Tegeta, kwa ajili ya wingi wa magari. Hapo nendeni mmoja nyuma ya mwingine, upande wa kushoto, bila mazungumzo. Baada ya Bunju mtavuka mto Mpiji na kuingia Mkoa wa Pwani. Hapo mmefika karibu nusu ya njia. Kisha Mapinga, Kerege na Zinga: minazi, miembe, mikorosho, na harufu ya bahari msiyoiona. Ni sehemu ya kupendeza, lakini ndipo miguu ianzapo kulalamika.

Hapo ndipo kundi hujulikana kama ni kundi kweli. Wenye nguvu hutaka kutangulia, na mdogo aachwa peke yake nyuma na pancha yake. Kwa hiyo sheria iwe hii: aliye dhaifu kuliko wote akae mbele, naye ndiye apangaye mwendo, mtu mzima mwenye pampu akae wa mwisho. Saa sita, mnaposali Malaika wa Bwana, kiongozi atazame mko wapi. Mkiwa bado hamjavuka Mpiji, pandeni basi wote. Si aibu. Aibu ni kumwambia mama wa watu kwamba mwanawe alipotea gizani.

Mkifika, nendeni Misioni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapo mwaka 1868 kutoka Unguja, wakafanya kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Tazameni mnara wa kanisa la kale. Ndani ya kanisa hilo, Februari 1874, uliwekwa mwili wa Livingstone. Susi, Chuma na wenzao walikuwa wameuchukua kutoka nchi iitwayo leo Zambia, nao walifika miezi tisa baada ya kifo chake. Yeye hakuwa Mkatoliki, lakini mapadre waliwapokea. Nendeni pia makaburini mwa wamisionari, mwombee marehemu. Magofu ya Kaole, yaliyo mwendo wa kilometa tano hivi kusini ya mji, yaacheni mpaka kesho baada ya Misa; leo hamna miguu tena.

Kumbukeni kwamba wapagazi na watumwa walifika Bagamoyo kwa miguu kutoka Ujiji, na wengi hawakuwa na hiari. Ninyi mwaenda kwa hiari, tena kwa magurudumu. Kwa hiyo mwombeni Paroko wa huko mapema mahali pa kulala, waonyesheni wazazi hesabu hii ya saa na nauli, na mwisho rudisheni baiskeli ya baba ikiwa safi na mnyororo umetiwa mafuta. Hapo mwakani atawaruhusu tena.