Nuru ya barabarani: kutoka Tukuyu hadi Lwangwa kwa baiskeli

Anayeamka alfajiri mjini Tukuyu haoni mlima Rungwe. Mlima upo, umesimama kwa kimo cha mita 2,960 hivi, lakini ukungu umeufunika kama ulivyofunika migomba, mashamba ya chai na barabara yenyewe. Wajerumani walipoweka makao yao ya utawala hapa waliuita mji huu Neu Langenburg. Jina hilo limeondoka nao. Mvua imebaki, na kwa mwaka huzidi milimita 2,000. Ni nchi ya neema: ndizi, chai, viazi, maziwa na maparachichi, na Mwenyezi Mungu tunamshukuru. Lakini kwa anayekwenda msikitini saa kumi na moja alfajiri kwa baiskeli, mvua hiyo hiyo na ukungu huo huo ni mtihani.

Waislamu wa Rungwe tu wachache. Wamisionari wa Moravian walifika wilaya hii mwaka 1891, na hadi leo wengi wa majirani zetu ni Wakristo, ambao tunaishi nao kwa wema. Nyumba zetu zimetawanyika vilimani, na kila mmoja ana njia yake ya giza. Ustadhi wetu wa madrasa, ambaye ndiye pia huadhini Alfajiri, hunyonga baiskeli kwa nusu saa kabla ya kuufikia mlango wa msikiti. Masika iliyopita alitumbukia mtaroni akiwa ameshika usukani kwa mkono mmoja na simu yenye tochi kwa mkono wa pili. Aliteguka kifundo, na kwa wiki nzima na zaidi watoto hawakusoma.

Kamati ilipokaa, wote tulikubaliana kwamba ustadhi anunuliwe taa. Hatukukubaliana ni taa gani. Wengine walitaka kurunzi ya kuchaji, kwa kuwa ni rahisi na inapatikana madukani. Wengine walikumbuka dainamo za zamani, zile za umbo la kichupa zinazobana ubavu wa tairi. Wakati huo huo muumini mmoja alikuwa na ndugu yake aishiye Ujerumani, aliyekuja likizo na kutuachia gurudumu la mbele lililotumika, lenye dainamo ndani ya habu, pamoja na taa yake. Mzee mmoja wa kamati alisema neno ambalo hatukulisahau: "Fedha ya sadaka si ya majaribio. Kufunga hicho kitu ni gharama. Kijaribuni kwanza, ndipo mje mtuambie."

Basi tukakijaribu. Fundi wetu alifumua lile gurudumu na kuifunga habu katika rimu ya baiskeli ya ustadhi. Alianza kwa kuhesabu matundu, kwani matundu ya habu yasipolingana na ya rimu, kazi haifanyiki. Yetu yalikuwa 36 kwa 36, alhamdulillah. Baiskeli ya pili, ya mwandishi, ilifungwa kurunzi ya kuchaji. Tulikuwa na safari ya kupeleka misahafu, majuzuu na mikeka kwa watoto wa Kiislamu wa upande wa Lwangwa, katika Busokelo. Tuliswali Alfajiri Tukuyu, tukafunga mizigo, tukaondoka kungali giza.

Kwa asiyejua, dainamo ya habu ni sumaku na waya uliozungushwa, vyote vimefichwa katika kitovu cha gurudumu. Gurudumu likizunguka, umeme unazaliwa. Kipimo chake cha kawaida ni volti 6 na wati 3 kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa. Wati 3 zilikuwa chache enzi za balbu, ambazo zilififia mlimani na kuungua kwenye mteremko mkali. Kwa taa za LED za leo, wati hizo zinatosha kumwonyesha mtu barabara. Wala si jambo jipya: kampuni ya Sturmey-Archer ya Nottingham, Uingereza, iliuza dainamo za habu tangu miaka ya 1930. Ile ya kichupa ni rahisi zaidi, na fundi yeyote huifunga kwa dakika chache, lakini hutegemea msuguano wa tairi. Tairi likilowa na kushika tope, kichupa huteleza na taa huzimika. Kwa nchi yenye mvua kama yetu, hilo ni la kuzingatiwa.

Kutoka Tukuyu hadi Katumba tulikwenda vizuri. Tulipouacha mji huo wa kiwanda cha chai na kushika njia ya Lwangwa, chai ilikuwa kulia na kushoto, na ukungu umelala juu yake. Kurunzi yetu ilikuwa na mwanga mkali kuliko taa ya ustadhi, na tukiri kwamba tuliionea fahari. Ustadhi alitangulia. Mbele alikuja mtu na baiskeli isiyo na taa, ameipakia mikungu ya ndizi, akiwahi soko. Alipishana na ustadhi kwa salama. Alipofika mbele ya kurunzi yetu aliyumba, akaingia mtaroni, yeye na ndizi zake.

Tulitupa baiskeli chini tukamkimbilia. Alikuwa mtu mzima, umri wa baba zetu, amechubuka goti. "Baba, tusamehe sana," tulimwambia. Alijipangusa tope akajibu bila hasira: "Hamna neno, mashehe. Lakini mtaro sikuuona. Niliona taa tu." Tulimsaidia kufunga upya mikungu na kumlipa zile ndizi zilizopondeka, ingawa alikataa mara mbili kabla ya kupokea. Goti lake hatukuweza kulilipa.

Hapo tulisimama tukazitazama taa zote mbili. Kurunzi ilimwaga mwanga pande zote, juu na chini, hata majani ya migomba yaling'aa. Taa ya ustadhi ilikuwa na kioo kilichokata mwanga kwa juu, ukaanguka wote barabarani. Sheria ya Ujerumani inadai taa ya baiskeli isiwapofushe wanaokuja mbele. Ndiyo maana anayenunua taa asidanganywe na lumeni nyingi zilizoandikwa kwenye boksi. Lumeni ni mwanga wote unaotoka katika taa. Laksi ni mwanga unaofika pale unapotaka kuona. Tuliinamisha kurunzi yetu mpaka mwanga wake ukaishia hatua chache mbele ya gurudumu, tukaendelea na safari tukiwa na aibu. Sisi tuliosomeshwa kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi la imani, tulikuwa tumeuleta udhia huo kwa mikono yetu.

Tulirudi usiku, baada ya Isha, na mvua ikanyesha. Kurunzi hatukuwa tumeichaji mchana, nayo ilikufa kabla hatujafika nusu ya njia. Kuanzia hapo tulifuata taa nyekundu ya nyuma ya ustadhi, ambayo nayo ililishwa na dainamo ile ile. Haki ya kusema kweli ni kwamba haikukosa kasoro. Kwenye vilima vikali, tulipokwenda mwendo wa mguu, mwanga ulipepesa na kupungua. Lakini mwendo wa mguu hauhitaji kuona mbali, na tulipoteremka mwanga ulirudi wote, pale hasa tulipouhitaji. Mara moja tope liliingia kwenye kiungio cha waya na taa ikazimika mpaka tulipokifuta. Mnyororo ulipotoka tulisimama kuurudisha, na taa ikaendelea kuwaka kwa dakika kadhaa kwa umeme iliojiwekea akiba. Asiye na akiba hiyo katika taa yake husimama gizani katikati ya barabara, na magari yanapita.

Kamati ilipokaa tena tulieleza yote, pamoja na yule mzee wa ndizi. Yule mzee wetu wa kamati aliuliza swali moja tu: "Ile isiyomwangusha mtu ni ipi?" Kisha akakubali gharama ya fundi, pamoja na kurunzi ndogo ya akiba kwa ajili ya vilima na pancha. Kwa waumini wengine wenye baiskeli, ambao uwezo wa dainamo ya habu hawana, tulitoa nasaha tunayoitoa pia kwa wasomaji wetu. Kurunzi ya kuchaji inafaa ikiwa utaichaji kila siku na kuifunga imara, imeinama chini. Dainamo ya kichupa inafaa zaidi wakati wa kiangazi. Taa nyekundu ya nyuma isikosekane kwa hali yoyote. Na mzazi anayempeleka mtoto madrasa usiku asimwachie simu mkononi akaiita taa.

Mtume (s.a.w.) amewabashiria nuru timilifu Siku ya Kiyama wale wanaoyaendea misikiti gizani. Bishara hiyo ni ya aliyefika, na ni vyema tufike bila ya kumwacha mtu mtaroni nyuma yetu. Siku hizi, kabla ya adhana ya Alfajiri, anayesimama mlangoni pa msikiti wetu huona kwenye ukungu mwanga mdogo ulioinama ukipanda kilima taratibu, ukipepesa. Ni ustadhi anakuja. Wanaokwenda sokoni na ndizi zao wanapishana naye, na wote wanapita.

Wabillahi tawfiq.