Mikesha Miwili ya Kuamia Shamba: Sisi na Nguruwe Mwitu



Ndugu wasomaji, tangu tuliporudi mjini tumeulizwa swali moja na watu wengi, wengine kwa kicheko, wengine kwa kunong'ona baada ya sala: ni kweli kwamba familia za Kiislamu za Kagugu zimekwenda kuwinda nguruwe? Tumeona tuandike, ili asiyejua ajue, na ili vijana wetu wanaosoma na ambao kesho watakodi mashamba yao wajue yanayoweza kuwakuta huko.

Kwanza, kuhusu shamba lenyewe. Kagugu ya leo si mahali pa kulima tena. Mlima ambao wazee wanaukumbuka ukiwa na migomba na maharage umejaa nyumba, maduka na shule, na aliyebakiwa na bustani ya mchicha nyuma ya jiko amshukuru Mola wake. Kwa hiyo sisi familia nne tulichanga, tukakodi hekta mbili upande wa Kayonza, Mkoa wa Mashariki, katika sehemu zinazoelekea hifadhi ya Akagera. Mwenye ardhi ni bibi mmoja mjane, tunamlipa kodi ya mwaka mzima, na tuna msimamizi anayeishi hapo hapo na mkewe. Tulipanda mahindi ya msimu A, yaani yale yanayopandwa Septemba na kuvunwa Januari na Februari, na pembeni tukaweka mihogo na viazi vitamu. Mahindi hayo tuliyahesabia karo za watoto. Hayakuwa shamba la kujifurahisha.

Siku ya Alhamisi, mwishoni mwa Desemba, mahindi yakiwa mabichi bado, msimamizi akapiga simu. "Mzee, wamekuja tena. Usiku mmoja wamekula mistari kumi na miwili, na mihogo wameifukua. Mkichelewa mtakuta mabua."

Ijumaa baada ya sala tukapanda basi Nyabugogo, wanaume sita, akina mama wawili waliosema hawawezi kuachia wanaume jiko, na watoto watatu wakubwa. Tulipofika Kayonza tulimalizia safari kwa pikipiki. Njiani binti yetu wa miaka 11 akauliza: "Baba, tukimwona tuseme Audhubillahi?" Wote tukacheka, lakini swali lake lina asili yake. Katika nyumba zetu nyingi mtoto hukua akidhani hata jina la mnyama huyu ni uchafu mdomoni, na wako watu wazima wanaomwita "mdudu" ili wasimtaje. Lakini Qur'ani imemtaja kwa jina lake, na kukataza nyama yake mara nne: Al-Baqara aya ya 173, Al-Maida aya ya 3, Al-An'am aya ya 145 na An-Nahl aya ya 115. Kilichoharamishwa ni kumla. Yeye mwenyewe ni kiumbe wa Mwenyezi Mungu, anatafuta riziki yake, na bahati mbaya riziki aliyoiona ilikuwa mahindi yetu.

Ni vizuri kumjua mnyama kabla ya kupambana naye. Wengi wetu tulikuwa tukichanganya wawili. Ngiri ni yule wa mchana, mwenye pembe kubwa zilizopinda mdomoni, anayepiga magoti akila majani na kulala shimoni. Anayemaliza mashamba zaidi ni nguruwe mwitu wa porini, mwenye manyoya marefu na mshipi mweupe mgongoni, anayetembea usiku kwa kundi. Dume aliyekomaa huweza kufika kilo 100, na meno yake ya chini hukata kama kisu. Mchana hulala kwenye vichaka vizito na mabondeni. Hung'oa bua zima kwa ajili ya hindi moja, akaonja, akahamia jingine. Hapo ndipo uchungu ulipo: anachoharibu ni kingi kuliko anachokula.

Wengine watauliza, je, Akagera haina uzio? Unao. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1934, mwaka 1997 ikapunguzwa sana ili watu waliorudi nchini wapate mahali pa kukaa na kulisha mifugo, na mwaka 2013 ukakamilika uzio wa umeme wa kilomita 120 upande wa magharibi. Uzio huo umewasaidia sana wakulima kwa nyati na tembo. Lakini nguruwe kazi yake ni kuchimba, tena wengine hawako ndani ya hifadhi hata kidogo, wanaishi katika vichaka vya huku huku kwetu.

Usiku wa kwanza tulifanya kazi ya kuamia, yaani kukesha tukilinda mazao kama walivyofanya babu zetu. Msimamizi alikuwa amejenga dungu la miti katikati ya shamba. Tuliwasha moto pembe tatu, tukafunga madebe kwa kamba ili yavutwe yalie, na jirani akatuazima mbwa wake wawili. Hapo tena watoto wakashangaa: mbwa? Tukawaeleza kwamba katika hadithi sahihi Mtume (Rehma na amani zimshukie) aliyekataza kufuga mbwa ovyo ndiye aliyeruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Mbwa wa shamba ametajwa waziwazi. Usiku huo hawakuja. Tulipigwa na baridi bure, na babu yetu, aliyefanya biashara Unguja miaka mingi, akatupitishia saa kwa hadithi za wasasi wa huko. Anasema Unguja na Pemba, visiwa ambavyo karibu watu wote ni Waislamu, nguruwe mwitu wamekuwa wakisakwa kwa mbwa na nyavu kizazi baada ya kizazi, na hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu msasi anatetea muhogo wake. Hata mbali huko Sumatra Magharibi, Indonesia, Waislamu wa kabila la Minangkabau huenda makundi makundi na mbwa wao kuwasaka, mpaka imekuwa kama mchezo wao wa mapumziko. Basi hatukuwa wa kwanza.

Jumamosi ilikuwa ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, nasi tukashika majembe tukaenda kuzibua mtaro wa barabara pamoja na wanakijiji. Hapo ndipo vijana watatu walipotufuata. Walikuwa na adabu, walituamkia vizuri. "Wazee wetu, mnajitesa kwa nini? Tupeni ruhusa tu. Tutatega nyaya pembezoni mwa shamba lenu, na nguruwe hawatawasumbua tena. Hela hatutaki. Nyama tutachukua wenyewe, nanyi hamtaigusa. Tena tukipata wengi, tutawaletea mfuko wa mbolea."

Ndugu zangu, pendekezo hili lilitugawa. Tusiseme lilikuwa jambo jepesi. Shemeji yetu alilitetea kwa hoja, na hoja zake zilikuwa na uzito: hatuli, hatushiki, hatupokei pesa, mnyama mharibifu anaruhusiwa kuuawa, na karo inalipwa Januari, haisubiri. Wengine tulihisi kuna kitu hakikai sawa ila hatukuweza kukisema. Tukampigia simu sheikh wetu.

Sheikh hakutoa hukumu haraka. Aliuliza vijana watalipwa nini. Tukasema hawalipwi. Akasema: "Wanalipwa. Wanafanya kazi kwa ajili yenu na ujira wao ni nyama ya nguruwe. Na nyinyi mtapokea mbolea. Hiyo mbolea ni thamani ya nini?" Tukanyamaza. Akatukumbusha hadithi ya Jabir bin Abdillah, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba mwaka wa kufunguliwa Makka Mtume (Rehma na amani zimshukie) aliharamisha kuuza pombe, mzoga, nguruwe na masanamu, na watu walipomuuliza kuhusu mafuta ya mzoga ya kupakia majahazi na ngozi, hakuwafungulia mlango. Kwa hiyo mtu hawezi kusema, mimi sili, nauza tu. Ama kumfukuza nguruwe au hata kumuua anapoharibu mazao na njia nyingine zimeshindikana, hilo alisema wanazuoni wameliruhusu. Kisha akaongeza lile ambalo hatukulitarajia kwa sheikh: "Na sheria ya nchi inasemaje?"

Sheria ya nchi iko wazi. Kuwinda wanyama pori bila kibali ni kosa Rwanda, na aliyekodi shamba akatoa ruhusa ya kutegwa nyaya hawezi kujificha nyuma ya vijana. Kuna pia mfuko wa serikali uliowekewa sheria mwaka 2011, unaolipa fidia kwa ajali na hasara zinazoletwa na wanyama. Mwenye shamba huanzia kwa viongozi wa eneo lake. Msimamizi wetu alikuwa hajui kabisa. Jumamosi hiyo hiyo tulipiga picha mabua yaliyong'olewa na nyayo zao, tukampelekea kiongozi wa kijiji.

Sisi tunaongeza hoja mbili zetu. Waya hauchagui. Unakamata miguu ya swala, mbwa wa jirani, ndama aliyepotea, na mnyama hufa humo polepole siku mbili au tatu, na dini yetu imetukataza kumtesa hata yule tunayeruhusiwa kumchinja. Ya pili, kuna homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ulioelezwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921. Ngiri na nguruwe mwitu huubeba bila kuugua sana, binadamu haumdhuru, ila ukiingia kwenye zizi la nguruwe wa kufugwa humaliza wote. Majirani zetu pale si Waislamu, na baadhi yao wanafuga nguruwe wawili watatu wanaowalipia bima ya afya. Nyama ya porini ikikatwakatwa na kuzungushwa kijijini, ni wao watakaoumia.

Tukawajibu vijana kwa heshima kwamba hatutaki nyaya. Badala yake tukawaajiri wawili kwa pesa taslimu waje kukesha nasi. Mmoja alikubali. Mwingine alituona wajinga, na alisema hivyo kwa Kinyarwanda akidhani hatuelewi.

Usiku wa pili walikuja, mnamo saa nane. Mbwa waliinuka kwanza, kisha tukasikia mabua yakivunjika upande wa bondeni, kra, kra, kama mtu anavunja kuni. Tulivuta kamba, madebe yakalia, tochi zote zikawaka pamoja, na kila mtu akapiga kelele zake. Wengine takbiri, yule kijana akapiga filimbi. Tuliwaona kwa sekunde chache tu: migongo kama saba, weupe ule wa mgongoni ukipita katika mwanga. Dume likageuka. Mbwa mmoja alilisogelea mno, akachanwa ubavuni, akarudi akilia. Kisha wakatokomea bondeni na kukawa kimya, isipokuwa binti yetu juu ya dungu aliyekuwa bado anapiga debe. Tulimwambia inatosha. Alipiga mara mbili zaidi.

Asubuhi tulihesabu: mistari mitatu imelala. Mbwa tulimsafisha kidonda, tukamlipa mwenyewe gharama za daktari wa mifugo. Akina mama wakauliza la tohara, kwa kuwa viatu na suruali zilikuwa na matope na kinyesi cha nguruwe. Katika madhehebu ya Shafi'i, tunayoyafuata wengi, unajisi wa nguruwe huoshwa kama wa mbwa, mara saba, moja kwa udongo. Hata hivyo Imam Nawawi, naye ni Mshafi'i, aliona kwamba kwa nguje ya dalili kuosha mara moja kunatosha kwa nguruwe. Sisi tuliosha saba, maji ya kisima yalikuwa mengi na hakuna aliyetaka kubishana kabla ya chai. Kilichokuwa kikavu kilichogusa kikavu hakina shida. Wallahu a'lam.

Shemeji hajakubali mpaka leo. Anasema mistari ile kumi na miwili na mitatu ni karo ya mtoto mmoja kwa muhula, na kwamba sheikh halipi karo. Hatukumjibu, kwa sababu hesabu yake ni sahihi. Tuliongeza mchango wa kila familia ili kumlipa yule kijana akeshe na msimamizi siku za kazi, na mwisho wa wiki tunakwenda wenyewe kwa zamu mpaka mavuno, InshaAllah. Mwenye debe tupu lisilotumika pale Kagugu atuletee, tunahitaji kama kumi hivi. Wiki hii ni zamu ya nyumba ya shemeji. Tayari amenunua betri za tochi, na binti yetu ameomba aende naye.