Sindano na Shindano

Wahenga walinena kuwa uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Hawakusema, hata hivyo, kwamba uchungu huo haumfiki mzazi siku ya kuzaa na siku ya kuuguza pekee, bali pia siku anapoketi kwenye benchi la nyuma, mikono mapajani, akimtazama mwanawe akipanda jukwaani peke yake kwa mara ya kwanza.

Mzazi wa kisa hiki ni mvuvi wa omena wa Muhuru Bay, kaunti ya Migori, pale ambapo Kenya na Tanzania hugawana maji ya Ziwa Viktoria. Mwezi wa Julai ulikuwa ukielekea ukingoni. Kwa kuwa uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili samaki wapate kuzaana, mashua yake ilikuwa imelala kifudifudi ufuoni, taa zake zimetundikwa ukutani, na mfuko wake mtupu. Ndipo zikaja habari kwamba bintiye wa gredi ya tano amefuzu kukariri shairi katika mashindano ya muziki ya kanda ya Nyanza, mjini Homa Bay. Mzee akauza jogoo, akapata nauli.

Aliondoka alfajiri na mapema kwa bodaboda hadi Migori, kisha akaabiri matatu. Walipita Awendo penye mashamba ya miwa, wakapita Rongo, wakapinda kuelekea Rodi Kopany, hata kilima cha Got Asego kikachomoza mbele yao kwa ncha yake kali. Njia nzima hakuzungumza na mtu. Alikuwa akilizungusha neno moja kinywani, kama mtu atafunaye mfupa: shindano, shindano, shindano.

Neno hilo lilikuwa na deni naye. Dholuo, lugha aliyoinyonya kwa mamake, haina sauti /sh/ wala /z/. Anayeilelewa humo, akikutana na sauti hizo katika Kiswahili, hukimbilia /s/. Alipokuwa darasa la sita, alisimamishwa mbele ya wageni wa shule kusoma tangazo la shindano la mbio. Akasoma "sindano la mbio". Shule nzima ikaangua kicheko, na tangu siku ile akaitwa Sindano. Jina lilimfuata uwanjani, likamfuata mtoni, na mwaka uliofuata akaiacha shule, akaingia ziwani. Ajabu ni kwamba huko ziwani Kiswahili chake kilinawiri. Alikijenga kwa kupiga bei na wachuuzi wa Shirati na Musoma, kwa kuomba msaada usiku wa dhoruba, na kwa kusuluhisha ugomvi wa nyavu. Hakuna aliyemcheka, maana huko sindano ilikuwa ile ya kushonea nyavu, na hakuna aliyeitumia vizuri kumshinda.

Langoni mwa shule iliyoandaa mashindano, alipokewa na kijana mwenye utepe begani.

"Shikamoo, mzee. Karibu. Tukusaidie nini?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa sindano."

"Pole sana, mzee. Chumba cha matibabu kiko upande ule, nyuma ya bwalo."

Mzee akasimama kama aliyepigwa na radi. Miaka thelathini ikamrudia kwa pumzi moja. Angeweza kueleza, lakini ulimi ulikuwa umegeuka jiwe. Wakati huohuo bintiye, aliyefika jana yake pamoja na wenzake, akatoka mbio katika kundi la wanafunzi. Alikuwa amesikia kila kitu. Akamshika baba mkono, akamwambia yule kijana kwa sauti ya upole, "Huyu ni baba yangu. Amekuja kunisikiliza." Hakusahihisha neno. Hakucheka. Wala hakumwachilia mkono hadi mlangoni mwa ukumbi.

Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka wa 1927, na ushairi wa Kiswahili umepata humo makao mazuri. Mtoto hupanda jukwaani, hukariri, hushuka. Mwamuzi husikiliza, huandika, kisha husimama na kuwaeleza washindani mbele ya kadamnasi walipofaulu na walipoteleza. Shairi la binti lilikuwa la tarbia, mizani kumi na sita kila mshororo, vina kati na mwisho. Lilitungwa na mwalimu wake kuhusu gugumaji na adha zake kwa wavuvi. Lilijaa mashua, shida, mishipi na maji yaliyozingirwa. Kwa mtoto wa Muhuru, ni shairi la miiba mitupu. Kwa miezi mitatu alilifanyia mazoezi ufuoni, akiwafukuza kuku kwa "sh!" ndefu, huku baba akitengeneza nyavu na kujifanya hasikii. Kumbe alikuwa amelihifadhi lote.

Beti mbili za kwanza zilikwenda kama mashua yenye upepo wa nyuma. Kila /sh/ ilitua mahali pake. Katikati ya ubeti wa tatu, sauti ikakatika. Ukumbi ukawa kimya. Binti akatazama dari, akatazama mikono yake, kisha akamtazama baba. Mzee alikuwa na neno lililopotea ulimini pake: lilianza kwa /sh/. Midomo ikamcheza. Kijasho chembamba kikamtoka. Aliogopa kulinong'ona lisije likatoka limevunjika, likamponza mtoto. Akafanya alichoweza: akatikisa kichwa polepole, kwa mapigo ya mizani, kama avutaye wavu pamoja na wenzake. Binti akakishika kipimo kile, akaurudia mshororo tangu mwanzo, na neno likaja lenyewe.

Mwamuzi alimsifu kwa matamshi, akasema kwamba asingejua mtoto huyu ametoka wapi. Alimkata alama kwa kusahau. Binti akawa wa nne, na safari yake ikaishia Homa Bay.

Jioni, kabla hajarudi kwa wenzake, walikaa chini ya mti wakila mandazi. Binti alikuwa akifuta machozi.

"Baba, nimekuaibisha."

"Nyara," akamjibu, "mimi niliacha sule kwa neno moja. Wewe umeanguka, ukainuka, ukamaliza. Hilo ndilo sindano."

Mtoto akatabasamu. Alilisikia neno, akaliacha lipite.

Wasomi wa Kiswahili huyataja mambo haya kwa jina la athari za lugha ya mama, na ni haki yao kuyachunguza na kuyafunza. Matamshi sanifu ni mali, na binti yule alistahili sifa alizopewa. Lakini mwamuzi alipodhani anamsifu kwa kutojulikana alikotoka, alikotoka kulikuwa kumeketi kwenye benchi la nyuma, kukimhesabia mizani kwa kichwa. Anayesahihisha ulimi wa mwanafunzi na akumbuke kwamba kicheko kimoja kilimtoa mtoto shuleni, na kwamba kutocheka kwa mtoto mwingine kulimrudisha mzee ukumbini.