Kondoo Chini ya Mnara wa Eiffel

Mjomba, uliniuliza kwenye simu kama wakulima wa Ufaransa huandamana kwa sababu ya bei ya maziwa tu. Mara nyingi, ndiyo. Lakini wapo walioandamana miaka kumi kupinga mpango wa wizara ya ulinzi, na Jumapili nilipelekwa kwao.

Kwao ni Larzac, uwanda wa juu kaskazini ya Montpellier, ninakoishi: mawe, upepo na kondoo. Maziwa ya kondoo hao ndiyo yanayotoa jibini la Roquefort, lenye ukungu wa kijani; wewe ungelitupa jaani kabla hujaambiwa bei yake. Oktoba 1971 waziri wa ulinzi, Michel Debré, alitangaza kwamba kambi ya jeshi iliyoko pale itapanuliwa kutoka hekta 3,000 hadi 17,000. Wenye mashamba hawakuulizwa. Na hawakuwa watu wa fujo. Wengi walikuwa Wakatoliki wa kwenda misa, hata siasa hawakuzizoea.

Machi 1972, wakulima 103 waliapa kwamba hawauzi ardhi. Oktoba wakapakia kondoo 60, wakawashusha Paris, chini ya Mnara wa Eiffel, wajilie nyasi. Hebu mtu ashushe mbuzi sitini Mnazi Mmoja: polisi wangeanza kumkamata nani, mchungaji au mbuzi? Mwaka uliofuata baadhi yao, kwa kupinga, wakarudisha serikalini vitabu vyao vya utumishi wa jeshini. Kisha wakajenga zizi kubwa la mawe pale La Blaquière, bila kibali, kwenye eneo lile lile lililotakiwa na jeshi.

Kilichonikaa kichwani ni matembezi yao ya Novemba 1978: kilomita 710 kwa miguu hadi Paris. Novemba 1978, mjomba! Mwezi ule ule Mwalimu Nyerere alikutana nanyi wazee wa Dar es Salaam pale Diamond Jubilee, akawaeleza kwa nini tunakwenda kumpiga Idi Amin wa Uganda, na wakulima wetu wakatoa ng'ombe na chakula kwa ajili ya askari. Najua utaniambia mambo hayo hayalingani, sisi tulivamiwa, wao walikuwa wanapokonywa malisho kwa ajili ya mazoezi. Sawa kabisa. Ila mkulima wa kwetu alipewa sababu, wa huku akapewa notisi, na mimi naona hapo ndipo serikali ya Paris ilipojiharibia.

François Mitterrand alipochaguliwa mwaka 1981, aliufuta mpango. Mashamba ambayo serikali ilikwisha kuyanunua, hekta 6,300 hivi, yalikodishwa kwa ushirika wa wakulima mwaka 1985 kwa mkataba wa muda mrefu. Ardhi ni ya serikali, mkulima anaitumia, akistaafu anampisha mwingine. Ningekuwa mchokozi ningesema wametuiga sisi Watanzania. Kambi nayo ipo hadi leo, kwenye eneo lake la zamani.

Sasa zamu yako, mjomba, maana ulikuwemo ukumbini. Maneno ya Mwalimu siku ile tunayajua wote. Ninachotaka ni upande wenu: mlijibu nini, na je, yupo mzee aliyenyoosha mkono akauliza swali? Nirekodie sauti kwenye simu, hata dakika tano.