Chupa ya maji chini ya Land Rover ya babu

Baba yangu ana Land Rover 109 ya mwaka 1974, na haiuzi. Jumamosi iliyopita aliniita nimmulikie tochi. Kipaipu cha shaba kinachopeleka petroli kutoka kwenye pampu hadi kwenye kabureta kilikuwa na ufa karibu na nati, kwa mtikisiko wa injini wa miaka mingi. Petroli ikidondokea bomba la moshi lenye moto, gari linaweza kuwaka.

Baba alichomoa waya wa betri, akashika spana mbili. "Moja inashikilia, nyingine inafungua. Ukitumia moja utakipinda," alisema. Ndani ya nati kuna kipete kidogo kinachobana kipaipu. Kikishabanwa hakirudiwi, kipaipu kipya, kipete kipya. Wala hakikazwi kwa hasira, maana kikipondeka kinavuja.

Petroli iliyobaki tuliikinga kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa. Baba akafunga kizibo, akaiweka chini, karibu na gurudumu. Nikaendelea kumulika.

"Mama, maji."

Mwanangu wa miaka mitatu alikuwa ameikumbatia ile chupa, anahangaika na kizibo. Kilichotuokoa ni mkono wa baba, uliokikaza kuliko vidole vya mtoto.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Nimeshaandika kwamba petroli na mafuta ya taa havitiwi kwenye chupa za maji wala soda. Najua kwamba mtoto akinywa, hatari kubwa ni mafuta kuingia kwenye mapafu. Ndiyo maana hatapishwi, na hapewi maziwa ili atapike; anakimbizwa hospitali hata kama anaonekana mzima. Yote hayo nilikuwa nayajua, na aliyeshika tochi ni mimi.

Baba hakunigombeza. Aliirudisha petroli kwenye dumu lake, akalifungia stoo, akaitoboa chupa kwa bisibisi. Baadaye akawasha injini, akapitisha kidole chini ya nati. Pakavu.

"Gari limepona," alisema. "Sasa tujirekebishe sisi, mwanangu."

Mzazi mwenzangu, ukimaliza kusoma hapa, weka simu chini. Pita jikoni, stoo na chini ya gari. Angalia kila chupa ya maji ina nini ndani.