Waya wa Ekseli Gari Linapoinuliwa: Ujerumani na Kibaoni

Gari likifungwa springi ndefu, ekseli husogea mbali na chasisi, na vyote vinavyounganisha viwili hivyo hugeuka vifupi: mipira ya breki, kebo ya handibreki, mpira wa kupumulia wa difu, na waya. Waya ndio husahaulika kwanza. Kwenye Land Cruiser za mfululizo wa 70 zenye ABS na difu loki ya umeme, hushuka kutoka kwenye chasisi hadi kwenye ekseli ukiwa umeachiwa ulegevu wa kutosha springi za kiwandani tu.

Kosa huanzia kwenye kupima. Gari likisimama kwa magurudumu yake, waya huonekana umelegea na fundi huridhika. Kinachoamua ni gurudumu linaloning'inia, na linashuka mpaka pale shokapu inapofika mwisho. Kwa hiyo gari lililoinuliwa milimita 50 na kufungwa shokapu ndefu halimdai fundi milimita 50 za waya; linamdai urefu wote ambao ekseli sasa inaweza kushuka, hata upande mmoja ukiwa korongoni na mwingine umebanwa juu.

Ujerumani badiliko la namna hii kwa kawaida hukaguliwa na mhandisi wa taasisi kama TÜV na kuandikwa kwenye hati za gari. Gereji hulipandisha gari kwenye lifti inayobeba chasisi, magurudumu yakaning'inia. Usukani hukatwa kulia mpaka mwisho, kisha kushoto, na fundi hufuata waya kwa kidole kutoka kitovu cha gurudumu hadi soketi. Kisha ekseli husukumwa juu, waya utazamwe usije ukabanwa au kugusa ekzosi. Uingereza nako, taa ya ABS ikibaki inawaka, gari hufeli ukaguzi wa MOT.

Ndugu walioko Ulaya hutuma springi na shokapu nyumbani, Mpanda na Kibaoni, na vibanio vya kushushia waya havimo kwenye boksi. Kinachoudhi ni kinachofuata. Waya ukikaza hukatwa, hupachikwa kipande cha waya wa spika, husokotwa na kuviringishiwa tepu nyeusi. Taa ya ABS ikiwaka, globu hung'olewa kwenye dashibodi. Huko ni kumficha dereva ubovu wa breki zake, naye pengine amebeba mpunga na watoto wa jirani. Mafundi wa Mpanda wanaofufua injini zilizokufa hawashindwi na waya mbili.

Wala lifti haihitajiki. Chasisi ikikaa juu ya stendi imara za chuma, ekseli huteremshwa kwa jeki mpaka shokapu ifike mwisho. Klipu ya kwanza kwenye chasisi ikifunguliwa, mara nyingi ulegevu unaotakiwa hupatikana bila kukata chochote. Isipotosha, kipande cha bati kilichotobolewa matundu mawili hushusha mahali klipu inaposhikia. Kuunga waya huja mwisho kabisa: kiungio hukaa upande wa chasisi, pasipokunjwakunjwa, huzibwa maji yasiingie, na waya mbili za ABS hubaki zimesokotana kama zilivyotoka kiwandani. Ulegevu unaobaki hupindwa kama herufi S, mbali na tairi na propela shafti, kwani waya unaoning'inia ovyo hunaswa na kichaka.

Barabara ya Sitalike hadi Kibaoni, inayokatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ina sehemu za udongo mweusi wa mbuga ambao mvua huugeuza ulimbo. Humo mpira wa kupumulia uliong'oka huwa hatari kuliko waya: difu yenye joto ikizama majini hupoa ghafla, hunyonya maji, na oili hugeuka rangi ya maziwa. Nao upimwe siku hiyohiyo, gurudumu likining'inia, kabla gari halijakabidhiwa kwa mwenyewe.