Sekunde 47 za inanga

Nimepotea kidogo, najua. Wengine mmeniuliza kama nimeacha kuandika au nimeoa. Sijafanya lolote kati ya hayo mawili. Nilikuwa na jambo moja nalizungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, na leo nimeamua nitage, liwalo na liwe.

Jambo lenyewe ni filamu. Simaanishi zile za ngumi na mateke tulizokuwa tukiangalia kwenye vibanda umiza, DJ akitutafsiria mambo ambayo Mchina mwenyewe hakusema. Nazungumzia filamu za makala, wanazoziita dokumentari, na hasa zinazohusu wapiga muziki wakubwa. Ugonjwa huu niliupata chuoni. Nilikaa chumba kimoja na jamaa ambaye alikuwa na hadi diski ngumu iliyojaa filamu za watu wanaopiga piano. Nilimcheka mhula mzima. Mhula wa pili nikaanza kumwazima.

Niliyoanza nayo ilikuwa ya Bruno Monsaingeon, ya mwaka 1998, kuhusu Sviatoslav Richter, mpiga piano wa Urusi. Mzee amekaa kwenye kiti anasimulia maisha yake kwa sauti ya mtu aliyechoka, halafu inakatiza mikono yake ya ujanani inayotembea juu ya piano kama imepagawa. Nilipomsoma zaidi nikakuta kitu kilichonikaa kichwani mpaka leo. Mwaka 1986, akiwa na miaka zaidi ya 70 na jina lililojaa dunia nzima, Richter alifunga safari ya miezi kadhaa kwa gari kuvuka Siberia, akapiga matamasha yapatayo 150, mengine kwenye vimji visivyo hata na ukumbi. Uzeeni alipenda kupiga gizani, taa moja tu ikimulika karatasi ya muziki, ili watu wasikilize badala ya kumkodolea macho. Hebu fikiri: mtu wa kiwango kile anakwenda kupiga muziki mahali kama Kibondo! Nilijisemea hivyo bila kujua kwamba Kibondo ningefika, na kwamba ingenifundisha adabu.

Filamu ya pili ni Kinshasa Symphony, iliyotengenezwa na Wajerumani wawili, Claus Wischmann na Martin Baer, mwaka 2010. Kama hujaiona, itafute. Inahusu okestra ya Wakimbanguisti wa Kinshasa, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu. Diangienda alikuwa rubani, kazi ikaota mbawa, akakusanya waumini waliokuwa hawajui noti akawafundisha. Walianza na fidla chache wakipokezana. Waya ukikatika waliweka waya wa breki ya baiskeli. Leo unawaona wauza soko, vinyozi na mafundi wakiimba na kupiga simfonia ya tisa ya Beethoven, kwa Kijerumani, katikati ya vumbi na honi za Kinshasa.

Basi, Oktoba 2023 gazeti lilinituma Kigoma, milimani huku, Kasulu na Kibondo, kuandika habari za wakimbizi. Mnaijua hadithi: kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, ikaja kupokea na Warundi mwaka 2015, Nduta nayo ikafunguliwa upya mwaka huohuo. Kila mwandishi wa Dar akifika huku anaandika habari ileile, anabadilisha tarehe tu. Na mimi nilikuwa nimejiandaa kubadilisha tarehe.

Usiku wa kwanza Kasulu kulikuwa na baridi ambayo hakuna aliyenionya. Nilikaa sebuleni kwenye gesti, nikafungua kompyuta, nikaweka Kinshasa Symphony kupoteza muda. Akasogea dada wa mapokezi, na dereva wa Noah tuliyoikodi naye akavuta kiti. Mnakumbuka miezi ile ilikuwa ya mgawo wa umeme. Sasa, mwanzoni mwa filamu, okestra imepamba moto, taa zinazimika. Giza. Dereva akainuka, akasonya, akaenda ukutani kuangalia luku! Dada wa mapokezi alicheka mpaka akakaa chini. "Kaka, umekatika Kinshasa, siyo hapa." Kwenye filamu, mmoja wa wapiga ala ambaye ni fundi umeme ndiye anayeweka ala yake pembeni na kwenda kuhangaika na nyaya.

Dereva aliporudi kwenye kiti hakucheka. Aliangalia mpaka mwisho kimya, halafu akaniuliza: "Hawa Wazungu walikaa huko muda gani mpaka wakapata yote haya?" Nikamwambia sijui, lakini si siku mbili. Akasema: "Kwetu yupo mzee anapiga inanga. Kesho tunapita karibu. Ukitaka nitakupeleka."

Kutoka Kasulu kwenda Kibondo unapita Makere, unapita Mvugwe, barabara ilikuwa bado inajengwa, kipande cha lami kipande cha vumbi jekundu. Mahali fulani baada ya Mvugwe tukaacha barabara kuu. Kijiji sitakitaja. Tulifika jua likiinama. Salamu za Waha hazina haraka: unaulizwa hali yako, ya mama yako, ya safari, ya ng'ombe ambao huna. Mzee alitutazama, akaagiza viti, akamtuma mjukuu wake, binti wa kidato cha pili, akalete chombo ndani.

Kwa wasioijua, inanga ni kipande cha mti kilichochongwa kama sinia refu lenye kina kidogo. Kamba moja ndefu inazungushwa kwenda na kurudi juu yake mpaka zinapatikana nyuzi nane au zaidi. Kwa Warundi, ni muziki wenye hadhi, uliopigwa mpaka nyumbani kwa mwami. Huyu mzee alituambia babu yake alivuka na inanga begani kutoka upande wa Burundi, enzi hizo mpaka haujawa mpaka, na alipiga kwa wakubwa wa Heru, ambayo ndiyo Kasulu, na wa Muhambwe, ambayo ndiyo Kibondo. Uchifu ulipofutwa nchini mwaka 1963, hakukuwa tena na baraza la kupigia. Baba yake akawa anapiga kwenye pombe. Yeye akawa anapiga nyumbani.

Mzee akaipakata inanga, akaanza kugusa nyuzi. Nikatoa simu. Chaji ilikuwa asilimia 19, na kesho yake asubuhi nilikuwa na mahojiano na ofisa niliyemwomba miadi kwa wiki tatu. Nikapiga hesabu ya kiandishi wa habari: nichukue kidogo cha mfano, nyingine niitunze. Nikarekodi sekunde 47. Nikazima, nikaiweka simu mfukoni.

Halafu mzee akaimba.

Sijui niwaelezeje. Haimbi kwa sauti, ananong'ona. Sauti ya inanga ni ya chini na laini, ukiimba kwa koo kamili unaifunika. Lakini kuna jambo jingine nilikuja kulielewa baadaye niliposoma kuhusu inanga ya kunong'ona ya Burundi. Kirundi na Kiha ni lugha za toni, neno likipanda au kushuka maana inabadilika. Mtu anayenong'ona hawezi kupandisha wala kushusha toni. Basi inanga ndiyo inayomfanyia kazi hiyo. Mzee anatoa maneno, nyuzi zinatoa toni, na wewe masikio yako yanaviunganisha mpaka unaapa kwamba umesikia mtu anaimba. Nusu ya wimbo iko kwenye mti, nusu mdomoni mwake. Mimi Kiha sijui, lakini nilijikuta nimesogea mpaka goti langu limegusa lake. Binti aliyekuwa anatwanga aliacha kutwanga. Dereva, yule wa luku, alikuwa amefumba macho.

Ilichukua kama saa nzima. Alipomaliza palikuwa giza. Nikamwambia nitarudi mwezi ujao na kamera ya kweli. Akajibu kwa Kiswahili: "Njoo ukiwa na siku tatu, mwanangu. Leo nimekupa fupi. Ile ndefu haiimbiwi mtu ambaye gari lake linamngoja nje."

Niliandika habari ya wakimbizi. Ndani yake nikapachika aya mbili za inanga. Mhariri akazikata, pakaingia tangazo. Sikugomba, nilikuwa nahitaji kazi. Mwezi ujao ukaja na mambo yake, na uliofuata, mnajua maisha ya Dar. Lakini zile sekunde 47 nilitembea nazo. Niliwachezea marafiki Sinza, kwenye meza ya chipsi. Mmoja aliyesoma nje akasema inamkumbusha muziki wa kisasa wa New York. Mwingine akaomba nimtumie. Mimi mwenyewe niliifanya mlio wa simu. Nilijiona mlinzi wa urithi wa taifa, asilimia 19 na yote.

Nilirudi Julai 2024, kwa likizo yangu na nauli yangu. Siku tano, kamera ya kuazima, betri tatu. Dereva aliponipokea stendi alikuwa mpole kupita kiasi, nikajua kuna kitu. Mzee alipata kiharusi mwezi Machi. Mkono wa kulia umelala. Maneno yanatoka, lakini yanatoka mojamoja, na mnong'ono ule hauwezi tena.

Nilimkuta kwenye kiti kilekile. Tulisalimiana sana. Kisha akataka kusikia nilichochukua siku ile. Nikaona fahari, kweli nakwambieni. Nikaongeza sauti mpaka mwisho nikamwekea simu sikioni. Alisikiliza zote 47. Akasema kitu kwa Kiha. Binti akacheka, halafu akajiziba mdomo. Nikauliza, anasemaje?

"Anasema hapo alikuwa anakaza nyuzi."

Nilichokuwa nacho, nilichowatambia watu Sinza, mlio wa simu yangu kwa miezi tisa, ulikuwa ni mzee anaweka chombo chake sawa kabla ya kuanza.

Nimelifikiria hili sana. Sisi tuliosoma tuna wimbo wetu: Wazungu wanakuja kuchukua vya kwetu. Bi Kidude alitengenezewa filamu na Mwingereza, Andy Jones, mwaka 2006. Klabu ya Ikhwani Safaa ya Zanzibar, iliyoanza mwaka 1905, filamu ya miaka yake mia moja imetengenezwa na Mmarekani. Kinshasa ni Wajerumani. Nami nimewahi kuulalamikia utaratibu huo, tena kwa maneno makali. Lakini swali la dereva lilikuwa bora kuliko malalamiko yangu yote: walikaa muda gani? Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, sikumbuki kuona filamu yake akiimba. Tulichobahatika kupata ni kwamba Shaaban Robert alikaa kitako akaandika wasifu wake. Hakuwa na kamera. Alikuwa na subira. Mimi nilikuwa na simu yenye kamera mbili, na nilikuwepo pale, mzima, goti kwa goti, muziki mkubwa kuliko wote niliowahi kuusikia ukipigwa, na sikujua hata umeanzia wapi.

Sijisifu wala sijilizi. Ofisa yule wa asubuhi, kwa taarifa yenu, hakutokea.

Siku zilizobaki nilikaa. Siku ya pili binti aliichukua inanga, akakaa chini mbele ya babu yake, akaanza kujaribu. Kupiga hajui, ila kukaza nyuzi amekuona tangu mdogo. Akigusa uzi usiokaa sawa, mzee anagonga ardhi kwa fimbo aliyoishika kwa mkono wa kushoto. Anakaza, anagusa tena, fimbo inagonga. Ukikaa sawa, mzee ananyamaza. Wakaenda hivyo uzi kwa uzi. Safari hii betri zilikuwa zimejaa na gari lilikuwa limeshaondoka. Nilirekodi saa mbili na nusu za binti akikosea, na fimbo ikimrekebisha.

Ile ndefu haimo. Sijui kama kuna mwingine anayeijua. Dereva anasema upande wa Kakonko huenda yupo mzee mmoja, anaulizia. Likizo yangu ijayo ni Desemba.

Na wewe unayesoma hapa, kwenu nani? Usiniandikie jina lake. Nenda. Halafu usiende Jumamosi na kurudi Jumapili.